Lori Lililokula Moshi Wake

Simu ya hospitali ilimkuta Inspekta Mbodze Kahindi hajamaliza chai yake, na baada ya kuipokea hakuimaliza tena. Mlinzi Fondo alikuwa hajazinduka. Daktari hakusema atapona wala hakusema hatapona. Alisema tu kwamba jamaa zake wameambiwa wasiende mbali.

Kesho asubuhi dereva Kiti angepandishwa kizimbani kwa kosa la kumpasua Fondo kichwa. Shtaka lilikuwa la kujeruhi. Fondo akikata roho lingegeuka kuwa la mauaji, na kwa mauaji sheria ilikuwa na neno moja tu, kitanzi. Mbodze alikuwa amewahi kupeleka watu mahakamani akalala usingizi wake vizuri. Huyu alimtia wasiwasi, na wasiwasi wenyewe ulitokana na maneno aliyoyasikia jana seli. Kiti hakulia wala hakuapa. Alimwambia, "Afande, lile lori linakula moshi wake. Lifungueni mwone."

Mkuu wa kituo aliyacheka maneno hayo. Kwake kesi ilikuwa imeiva, kilichobaki ni kuipakua. Bwana Hamid, mfanyabiashara wa mtaa wa Kuze katika Mji wa Kale, alikuwa na malori mawili ya kuleta mboga kutoka Wundanyi kule Taita hadi soko la Marikiti. Yaliletwa pamoja kutoka Japani, injini moja, rangi moja, na watu wa sokoni waliyaita Mapacha. Moja liliendeshwa na Oloo, la pili na Kiti. Safari ile ile, mzigo ule ule, lakini tangu Ramadhani lori la Kiti lilikuwa likimaliza dizeli kupita mwenzake, tena si kidogo. Salem, mpwa wake Bwana Hamid aliyesimamia yadi ya malori kule Tudor, alisema Kiti hunyonya tangi njiani akauza. Kiti alisema lori lenyewe ndilo limekuwa mlevi, likifika mlimani linahema na kutoa moshi mweusi, na kwamba alimweleza Salem mara nyingi akaambiwa asubiri. Kisha Jumanne jioni Fondo akakutwa chini kando ya tangi kubwa la yadi, mpira wa dizeli umelala ubavuni mwake ungali umelowa. Kiti ndiye aliyeonekana akitoka mwisho. Mwizi amefumaniwa, amempiga aliyemfumania. Nani angetafuta jingine?

Mbodze ndiye aliyetafuta. Kama lori lilikuwa likinywa lenyewe, basi hapakuwa na mwizi wa kufumaniwa, na Kiti hakuwa na sababu ya kumwinulia Fondo hata kidole.

Masika yalikuwa yamekolea. Walipofika yadi, yeye na Sajini Baya, maji yalikuwa yamefanya dimbwi mbele ya lango. Salem aliwafungulia mwenyewe, kijana nadhifu, kanzu ameikunja isichafuke, mwavuli akampa Mbodze yeye akabaki analowa. Alikuwa mpole kupita kiasi cha siku yenyewe. Aliwaomba radhi kwamba hangeweza kukaa nao, nyumbani wageni hawaishi, mama yake amerudi Maka juzi na mji mzima unakuja kumpa mkono. Wafungue wanachotaka, alisema, yeye hana cha kuficha.

Fundi Ngumbao alikuwa chini ya kibanda cha mabati akijifuta mikono kwa tambara chafu kuliko mikono yenyewe. Ni mtu wa maneno mengi, na zaidi ya nusu ya maneno hayo humhusu yeye. Sajini Baya alikwisha kumhoji siku iliyofuata tukio, akapata jibu kwamba malori yote mawili yako sawa, vali zimezibwa, na lolote zaidi ni uongo wa dereva. Jibu hilo ndilo lililomfunga Kiti. Sasa Mbodze alitaka kujua hiyo vali ni kitu gani na imezibwa kwa nini.

"Mjapani ni mtu wa usafi," Ngumbao alisema. "Kwao wamebanana, hewa wanaipima. Basi ametia bomba hapa, unaliona? Moshi ukitoka, kiasi chake kinarudishwa ndani ya injini. Moto unapoa kidogo, na ile sumu inayochoma macho inapungua. Vali hii ndiyo inayofungua na kufunga."

"Na ubaya wake?"

"Kwake hauna ubaya mkubwa, dizeli yake safi. Yetu imejaa masizi. Masizi yanaganda kwenye vali, inakwama wazi, haifungi tena. Injini inataka hewa, inapewa moshi. Wewe afande nikufunike blanketi usoni kisha nikwambie upande Wundanyi, utapanda? Dereva anakanyaga, dizeli inamwagika ndani haiungui yote, inatoka nyeusi nyuma, na tangi linakwenda. Mimi nakata kibati, naziba njia, vali ikwame isikwame haina kazi. Lori linapumua, tajiri anacheka."

Mbodze akamuuliza moshi uliokuwa ukirudi ndani sasa unakwenda wapi.

"Unakuja kwetu," Ngumbao alisema, akakohoa, na Sajini Baya akacheka.

Walianza na lori la Oloo, lililorejea asubuhi ile likiwa na tope mpaka milangoni. Ngumbao alifungua bolti mbili akachomoa kibati chenye umbo la jani nene, kila ncha ina tundu la bolti. Kilikuwa cheusi tii, kimepikwa na moshi upande mmoja hadi bati lilikuwa likimeguka. Upande wa pili, Mbodze alipokwangua kwa ukucha, ilitokea picha ya jogoo wa kopo la mafuta ya kupikia, mkasi umempita shingoni. Ngumbao alisema kila kibati anachokata ni cha jogoo yule. Mama watoto hanunui mafuta mengine.

Kisha wakafungua lori la Kiti. Bolti ya kwanza ilitoka kwa vidole tu, na kibati kilikuwepo.

"Si nilisema?" Ngumbao alimgeukia Sajini Baya. "Kazi ya mkono wangu."

Sajini Baya alishusha pumzi. Nafsi yake ilikwisha kurudi kituoni kwenye chai. Mbodze alijua kibati kile ndicho kilichokuwa kamba ya Kiti: kama njia ilizibwa, lori halikuwa na sababu ya kula zaidi ya pacha wake. Alikipokea kwa leso, akakigeuza upande ulioelekea moshi, akasogea penye mwanga.

Bati lilikuwa linang'aa. Lilikuwa la kijani, na katikati palichorwa mtende wenye mashada ya tende, rangi zote zimo, hata mkwaruzo hauna.

Alichukua tochi ya Baya akamulika ndani ya bomba, nyuma ya pale kibati kilipokuwa. Masizi yalikuwa yamejaa mpaka kwenye koo la injini, laini na yenye mafuta, ambako kusingekuwa na masizi kama njia ingekuwa imezibwa. Akamwita Baya naye aone, kwa sababu macho ya askari mmoja mahakamani ni macho ya hadithi. Alimweleza taratibu. Lori hili limepanda na kushuka Taita likirudisha moshi wake ndani, ndiyo maana ya masizi yale. Kibati hiki hakijaonja moshi hata wa safari moja. Na lori halijasogea yadini tangu Jumanne. Basi kimetiwa baada ya Fondo kupigwa, na aliyekitia alitaka polisi wakifungua wakute malori mawili sawasawa na dereva mwongo.

"Na cha kwanza?" Baya aliuliza.

Cha kwanza kilitolewa, Mbodze alisema, tangu Ramadhani. Kuna mtu alikuwa akiteka dizeli kwenye tangi la yadi, akatafuta mdomo wa kusingiziwa kwamba ndio ulioila. Hakuhitaji zaidi ya spana na wakati mfupi.

Mbodze aliviweka vibati viwili pamoja kwenye boneti. Cha mtende kilikuwa kimekosa ncha moja. Upande huo mkasi ulikuja vizuri, kisha ukapinda ghafla kuingia ndani, ukazunguka na kutokea mbele, kwa hiyo kibati kilishikwa na bolti moja tu.

"Hiki umekikata wewe?"

Fundi alikitazama kama mtu aliyeonyeshwa mtoto asiye wake. "Mimi sikati hivi hata nikiwa nimelewa."

Hapo ukweli ukatoka. Sajini alipokuja siku ile, Ngumbao hakufungua kitu. Alijua alikitia, na mkono wake haukosei, ya kufungua nini? Mbodze alimwambia kwamba kwa fahari hiyo mtu anakaribia kunyongwa. Fundi aliinamisha kichwa, akaanza kukaza bolti ambazo hakuna aliyemwambia azikaze.

Nani basi? Funguo za lango zilikuwa seti mbili. Moja aliishika Salem. Nyingine aliishika Fondo, na hiyo haikuonekana tangu alipoanguka, kwa hiyo yeyote angeweza kuwa nayo. Baya alimtaja Oloo papo hapo. Anazijua injini, anajua vali ilipo, na yeye na Kiti hawakuwa wakisalimiana tangu Bwana Hamid alipoanza kumtolea Kiti mfano wa Oloo. Ilikuwa hoja nzuri. Mbodze aliitaka iwe kweli, kwa sababu ilikuwa rahisi, na saa zilikuwa zikimwishia.

Walimkuta Marikiti, katikati ya wapagazi na magunia, akizungukwa na kina mama watatu wenye hasira. Haikuhitajika hata kumuuliza alikuwa wapi tangu Jumanne. Kina mama wenyewe walimweleza Mbodze, kila mmoja kwa zamu na wakati mwingine kwa pamoja: barabara ilikatika karibu na Mwatate, lori likalala huko na kabichi zao ndani, zimefika leo zinanuka, na huyu mwanamume anasema ni kazi ya Mungu. Wapagazi wawili waliokuwa naye kwenye tope walithibitisha. Oloo alikiri kwamba alimcheka Kiti, na kwamba hakupenda kumtetea mtu aliyedhani ni mwizi. Hilo ni kosa la kibinadamu, lakini si la kutiwa pingu. Mbodze alimwacha na kina mama, ambao pengine walikuwa wabaya kuliko polisi.

Kabla ya kutoka sokoni alisimama kwenye duka la tende na viungo, akamwonyesha mwenye duka kile kibati bila kukitoa kwenye leso. Mzee alikitupia jicho mara moja. Kopo hilo haliuzwi hapa, alisema, wala halijapata kuuzwa. Hizo ni tende za mahujaji. Mtu huja nazo mkononi kutoka Maka, na mahujaji wa mwaka huu ndio kwanza wanarudi.

Mbodze alisimama pale mvua ikipiga bati la soko, akikumbuka ule mwavuli, na Salem aliyempa. Lakini Mji wa Kale ulikuwa na mahujaji wengi, na kila haji ana ndugu na jirani wa kuwapa zawadi. Hakimu angeuliza: makopo mangapi ya aina hiyo yako Kuze leo?

Alimtuma Baya hospitalini, akavuka kuingia Kuze kwa miguu peke yake. Kwenye kichochoro alijitanda kanga kichwani. Nyumba ya kina Salem haikuhitaji kuulizwa: mlango ulikuwa wazi, viatu vimejaa kizingitini, na wanawake wawili walikuwa wakitoka, bado wakiitikia dua. Alipiga hodi, akavua viatu vyake.

Bi Nana, mamake Salem, alikuwa ameketi kwenye godoro, miguu ameinyoosha juu ya mto. Miguu ilikuwa imevimba kwa ile safari ya Hija, lakini uso ulikuwa na raha ya mtu aliyepata alichokiomba maisha yake yote.

"Shikamoo, Bi Nana. Mungu aitakabali hija yako."

"Marahaba, mwanangu. Amin. Ndoo uketi hapa karibu, mato yangu hayakuoni vyema. Wewe u binti wa nani?"

Mbodze alijitambulisha kama alivyo, jina na kazi, kwa sababu alichukia kuingia nyumba ya mtu kwa uongo. Alisema anafuatilia habari za yadi. Bi Nana alisikitika juu ya Fondo, akasema amemwombea, na kwamba Salem naye hali vizuri wala halali tangu siku ile. Yuwampenda sana yule mlinzi, alisema. Amekwenda kusali, sasa hivi atarudi. Kisha, kwa kuwa mgeni ni mgeni, akammiminia maji ya zamzam kwenye kikombe cha kahawa na kumsogezea sinia ya tende.

Kopo la tende lililokuwa kwenye sinia lilikuwa la kijani. Juu yake, badala ya kifuniko, palifunikwa kisahani cha chai.

Mbodze alikunywa maji yale, akaweka kikombe chini kwa uangalifu. Kama angekuwa afisa wa aina nyingine angefurahi. Yeye alijisikia vibaya, kwa sababu mwanamke yule alikuwa amemkaribisha kwa moyo mweupe na hapakuwa na njia ya kuuliza ambayo haikuwa kisu.

Alitoa leso, akaifungua. "Bi Nana, hebu nisaidie kwa jambo moja. Kibati hiki kimekatwa vizuri kote, ila hapa mkasi umeruka. Bati lilikuwepo la kutosha. Nimefikiri tangu asubuhi, sielewi kwa nini."

Bi Nana alivaa miwani. Alikitazama kibati, akanyoosha mkono nyuma ya mto akatoa kopo jingine ambalo halijafunguliwa, kifuniko chake kingalipo. Katikati ya kifuniko palikuwa na mtende, na pembeni yake maandishi ya Kiarabu. Alipita juu yake kwa kidole.

"Hapa ni jina la mwenye tende, Abdallah na wanawe. Abdallah, mja wa Mngu. Sasa humu mna Jina la Mola." Akaweka kibati juu ya kifuniko, mtende juu ya mtende. Ile ncha iliyokosekana iliangukia hasa penye neno. "Waona? Mkasi ungekwenda sawa ungelikata Jina. Aliyekata amelizunguka." Alitabasamu. "Huyu ana adabu. Amelelewa."

Ngumbao alikata jogoo shingoni bila kupepesa jicho. Oloo naye angepita moja kwa moja.

"Na kile kinachobaki, chenye Jina," Mbodze aliuliza polepole, "hutupwa wapi?"

"Kutupwa?" Bi Nana alishtuka kweli. "Hakitupwi, mwanangu. Jina haliendi jaani. Huwekwa juu, pamoja na kurasa za msahafu zilizochakaa, mpaka siku ya kwenda kuzikwa." Akaelekeza kidevu kwenye rafu ya juu karibu na dari, palipokuwa na mfuko wa kitambaa cheupe. "Salem pia juzi alikitwaa kifuniko cha kopo hili, asema ataka kipande cha bati. Nikamwambia, Jina tu usilikate. Akaniambia, mama, nalijua hilo tangu chuo cha Kurani."

Alikuwa amekwisha kuinuka kabla hajamaliza kusema, kwa fahari tu ya kuonyesha. Mbodze alitaka kumwambia aketi, miguu inamuuma. Hakumwambia. Bi Nana alishusha mfuko, akaubusu, akaufungua, na juu ya kurasa zilizokunjamana akatoa kifuniko cha kijani chenye tundu katikati. Maandishi yalikuwa mazima.

Alikichukua kibati kutoka kwenye leso akakitia ndani ya tundu lile, kama mtu anayerudisha kifuniko mahali pake. Kiliingia bila kusukumwa. Kila pindo lilikutana na mwenzake.

Tabasamu lilibaki usoni kwa muda kidogo, kisha likaondoka. Aliuliza kibati hiki kimetolewa wapi, naye Mbodze akamwambia. Alimweleza habari za lori, na za dizeli iliyokuwa ikitekwa, na za Kiti ambaye kesho atasimama mbele ya hakimu. Hakuongeza wala hakupunguza. Bi Nana alisikiliza akiwa amesimama, kifuniko mkononi. Angeweza kukirudisha mfukoni. Angeweza kusema kwamba mato yake hayaoni.

"Nilimfunza mimi," alisema mwisho. "Hata karatasi njiani, ikiwa na herufi, aliiokota akaibusu." Akakitazama kifuniko. "Jina aliogopa kulikata. Na kile kichwa cha mja Wake je?"

Mbodze aliikunja ile leso tupu.

Kizingitini mtu alivua viatu, na sauti ya upole ikatoa salamu. Bi Nana aliiitikia yote, kama inavyotakiwa kuitikiwa. Salem aliingia, akamwona inspekta, kisha akakiona alichokishika mama yake. Hakuuliza ni nini. Alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa seti mbili za funguo, yake na ya Fondo, akaziweka kwenye sinia kando ya tende.